Niliua Askari wa Kompyuta, Wakampiga Taban

Mkosaji ni mimi, si Taban. Naliweka hili mbele kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea kwangu ndiko kulikomtoa mwenzangu jicho.

Mimi na Taban tulikuwa na kibanda cha kuchapa na kuprinti hapa Koboko, Uganda. Kompyuta yetu ilikuwa kuukuu, tuliinunua Arua kwa mtu aliyekuwa karibu kuitupa. Ukifungua barua moja tu, inaganda! Mteja anakutazama, nawe unatabasamu kama mjinga.

Shida ilikuwa antivirusi. Ilikuwa na programu ndogondogo zinazofanya kazi kichinichini, zote zinakula memori. Sisi tuliziita askari, na kuzizima tuliita kuua. Ndivyo tulivyozoea kuongea, tukicheka.

"Kaka, ua ile ya kukagua kila saa," Taban aliniambia. "Lakini ile ya kulinda flashi, wacha iko. Hiyo ndiyo askari ya mlango."

Alipokwenda Ludara kumwona mama yake, niliua wote. Wote! Mashine ikawa nyepesi, nami nikajiona fundi.

Kesho yake mteja mmoja kutoka Oraba akachomeka flashi yake chafu, imejaa virusi, vikaingia kwenye mashine bila kuzuiwa. Baada yake akaja Hajji, mzee wa mtaa wetu, na flashi yenye picha za marehemu mkewe. Alitaka moja ikuzwe aitundike sebuleni. Nikaichomeka. Picha zikageuka majina yasiyosomeka, na hakuna hata moja iliyokubali kufunguka. Mzee wa watu hakuwa nazo mahali pengine popote.

Hajji alinikaba ukosi. "Mama ya watoto iko wapi? Nani naharibu?" Fimbo yake ikanishukia begani, ikanishukia tena. Sikumlaumu. Lakini niliogopa, jamani, niliogopa kama mtoto!

Wakati huohuo Taban akawa anashuka kwenye bodaboda mbele ya kibanda, ametoka Ludara. Nikamnyooshea kidole nikapiga kelele: "Ni huyu! Taban ndiyo naua askari! Naua askari yote!"

Mungu wangu! Siku zile askari mmoja alikuwa amekatwa mapanga akafa kwenye barabara ya Oraba, na muuaji alikuwa hajakamatwa. Vijana wa bodaboda pale nje hawakujua habari za antivirusi. Walisikia nilichosema.

"Kumbe ni huyu naua askari?" mmoja aliuliza, na hakungoja jibu.

Taban alicheka kwanza, maana neno lilikuwa letu. Tofali lilimkuta mdomoni angali anacheka. Akaanguka, wakamrukia kwa mateke, kwa mawe, kwa spana za pikipiki. Nilisikia mfupa ukivunjika. Damu ilichuruzika mpaka kwenye kizingiti chetu.

"Kaka, ambia watu!" alilia. "Ambia watu ni ya kompyuta!"

Aliniita mimi. Nilikuwa na uwezo wa kuwazuia kwa maneno mawili tu, lakini nikiyasema, Hajji angeuliza ni nani basi aliyezima. Nikanyamaza. Nilisimama mlangoni, bega likiniuma, nikanyamaza!

Aliyejitupa juu ya Taban ni Hajji. Yule yule aliyepoteza picha za mkewe. "Wacha! Ni askari ya kompyuta! Nyinyi naua mutu bure!" Walimpiga na yeye kabla hawajamwelewa. Walipoacha, jicho la kushoto la Taban lilikuwa limekwisha kuchomwa kwa bisibisi.

Tulimpeleka hospitali ya Kuluva. Alipoweza kusema, kichwa kizima kimefungwa bendeji, aliniuliza polepole: "Kaka, wewe naua mpaka ile ya mlango?"

Nikamwambia ndiyo.

"Sasa mimi napigwa juu ya nini?"

Akageukia ukutani, na mpaka leo hajanigeukia. Kompyuta bado iko kibandani, nyepesi, inafunguka upesi sana. Nakaa nayo peke yangu, na siwezi kuitazama bila kusikia sauti ya Taban ikiniita: kaka, kaka.

Wewe unayesoma, mashine yako ikiwa nzito, punguza unachotaka, ila askari wa mlango mwache. Na ukiharibu kitu cha mtu, sema "ni mimi" kabla tofali la kwanza halijaokotwa. Mimi nilisema Kuluva, wakati jicho limeshatoka.