Agata wa Ukutani

Uji wa muhogo ukiungua, hata kwa jirani, namkumbuka dada yangu Agata na moyo unaniuma. Uji kama huo ndio gundi aliyobandikia baba bango la sinema ya Kirusi kwenye ukuta wetu wa udongo, kuziba nyufa zilizoingiza baridi ya Uluguru.

Baba alikuwa mfagizi wa jumba la sinema mjini Morogoro. Enzi za ujamaa filamu za Kirusi zilioneshwa bure, na watu walishuka milimani kwa miguu kuzitazama. Hawakuelewa neno hata moja, lakini kulia walilia. Ulipofika wakati wa ruksa, biashara ikaachiwa huru, jumba likawa ghala la mitumba, na baba akarudi kulima kabichi akiwa na bango kwapani. Lilikuwa na picha ya binti wa Kizungu mwenye kitambaa kichwani, anatazama njia. Agata, kwa utani wake, alimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo dada!" kisha akajiitikia mwenyewe, "Marahaba!"

Masika moja Agata akashikwa na homa kali. Tulimteremsha kwa machela hadi hospitali, tukaambiwa siku hizi dawa mnajinunulia. Baba alikwenda kuhangaika mjini. Aliporudi na dawa, mama alikuwa ameshamfunika mtoto kwa kanga.

Agata hakuwahi kupigwa picha. Baada ya arobaini, mama akaanza kuweka maua chini ya bango na kumsemesha yule binti kwa jina la Agata. Majirani wakanong'ona kwamba amechanganyikiwa. Mimi nilichukia. Dada yangu alikuwa mweusi, mwenye pengo la mbele, na yule Mzungu hakufanana naye hata kidogo.

Padri alipokuja kubariki nyumba, alisimama mbele ya bango.

"Mama, huyu ni mtakatifu gani?"

"Si mtakatifu, baba. Ni Agata wangu."

Padri ndiye aliyemzika Agata. Akalinyunyizia bango maji ya baraka, nami nikakasirika zaidi.

Nyumba ile ilishaanguka, na mama tumemzika. Lile pengo la Agata nalijua kwa kulisimulia tu, kuliona silioni tena. Nikifumba macho nimtafute, anakuja binti wa Kirusi na kitambaa chake. Mama hakuchanganyikiwa. Alijua sura ya mtu hututoka, akaitafutia mahali pa kukaa mapema.

Basi namwamkia huyo huyo, shikamoo dada, maana sina mwingine.