Chaki ya Mzee Pazi

Mzee Pazi, fundi springi wa Visiga, hatulii. Akisikia mlio asioupenda, anaiacha chai yake ipoe na kulikimbilia lori barabarani. "Simama, wewe!"

Leo amemsimamisha Samweli, dereva wa kokoto kutoka Kisarawe. Injini ikiwa bado inaunguruma, Pazi akapaka springi mafuta ya taa, akafuta, kisha akapaka unga wa chaki. Mstari mwembamba wa mafuta ukajichora kwenye bapa la juu la springi: ufa.

"Ni bapa moja tu, mzee," Samweli akasema. "Yako saba hapo. Ufa hauruki kwenda bapa la pili."

"Nani kakwambia unaruka? Hili likikatika, mzigo wake unabebwa na la chini, nalo linaanza ufa wake. Acha ubishi!"

"Basi lichomelee, nimechelewa."

Pazi akamwonyesha kipande cha springi kinachoning'inia mlangoni mwa karakana yake, kando ya barabara. Kilichomelewa vizuri, kikakatika pembeni kidogo ya weldi.

"Kazi ya mikono yangu hiyo. Na gari alikuwa analiendesha mwanangu."

Samweli akazima injini.