Kuitika kwa Kichwa

Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, niliongopa kwa kichwa.

Maman Clarisse wa iniversite alikuwa amekaa nyuma ya darasa letu la viziwi tangu Jumatatu, na kaye yake, daftari la kuandikia. Anatafuta kujua tunafundishwa namna gani, ili walimu wajue kinachosaidia. Mwalimu Placide alieleza hesabu za sehemu uso ubaoni, na sisi tukasoma mgongo wake. Kisha akageuka, akauliza kwa mikono na kwa mdomo: mumeelewa? Vichwa kumi na viwili vikaitika. Changu pia. Ndiyo desturi yetu. Ukisema hapana unawachelewesha wenzako kutoka, nao wanakuita kichwa ya bukari, kichwa kilichojaa ugali. Tena mwalimu ni mutu muzuri, hatupendi ahuzunike. Tulipotoka niliona Maman Clarisse ameandika kwamba wote wameelewa.

Saa sita nilimhadithia bibi yangu, Kambo Agnes, kiziwi kama mimi, anayeshona uniforme za masomo. Nilicheka. Yeye hakucheka. Alitoa mguu kwenye cherehani, akaanza kwa mikono, pole pole:

"Nakumbuka siku moja, mwanangu, niko na miaka kumi na tano kama wewe, barua ilitoka kwetu Kilwa. Kusoma sikujua muzuri. Mwalimu akanisomea kwa mdomo, akauliza kama nimeelewa. Wenzangu walikuwa wananitazama, nikaona haya, nikaitika. Nikaikunja, nikaenda kucheza. Kumbe ilisema mama anagonjwa, nije mbio. Nilifika mwezi uliofuata, wakati wa likizo, mama iko mu udongo. Yule mwalimu sikumukasirikia. Aliuliza. Mimi njo nilimujibu uongo."

Akatoa uzi kwenye sindano.

"Bazee balisema, mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Lakini Kambo, Maman Clarisse ataenda na kaye yake. Kitabadilika nini?"

"Ataenda na nini? Na uongo yako. Kule batasoma kwamba kiziwi anafundishwa muzuri na mgongo, na mutoto kiziwi wa kule Kasomeno ataonyeshwa mgongo vile vile." Akaniiga ninavyoitika, kichwa kama kuku anayedonoa, hata nikacheka tena bila kupenda.

"Basi, mwanangu, utafiti hauna macho yake. Unaona kwa yako. Kitu hakijaingia, usikiitikie, hata kama ni mutu unayemupenda anauliza. Haya ya leo inapita kabla ya bukari kupoa. Mungu akupe uso usioinama, na mikono yako isikose wa kuitazama."

Leo asubuhi mwalimu aligeuka, akauliza kama kawaida. Vichwa kumi na kimoja viliitika. Mimi nilisimama, nikaenda ubaoni, nikaweka kidole kwenye mstari wa pili. Nikamwambia kwa mikono: hapa nimepotea, rudia, lakini unitazame. Kisha nikachukua chaki, nikamwandikia Maman Clarisse, ambaye hajui ishara zetu: "Jana niliongopa. Sikuelewa kitu."