Fundi wa Shevroleti Nyekundu

Kwenye maonyesho ya magari ya zamani pale Misigiri, fundi wa Shevroleti nyekundu hakutulia. Alipuliza vumbi kwenye taa, akasugua bampa kwa kiganja, na kila aliyesogea alimwambia kwa sauti ya chini, "Tazama tu, ndugu yangu." Bibi Eliza alisimama nyuma ya pikapu hiyo ya Kimarekani.

"Mama alinizaa humu," alimwambia fundi, "lilipokuwa gari la misheni, wakimkimbiza hospitali."

Fundi akajifuta mikono kwenye suruali, akafungua mlango wa nyuma wa bodi. "Shikamoo, mama. Panda."

"Marahaba."

Akampandisha taratibu, kama aliyeshika yai. Bibi Eliza akaketi, akapapasa bati lililonyooshwa, machozi yakimtoka.

"Ahsante, mwanangu. Nilidhani mahali nilipozaliwa pameshauzwa kama chuma chakavu."