Kobe Hakosi Mchezo

Dada yangu alifundisha hesabu kwenye shule isiyo na hata dawati moja. Wanafunzi walitawanyika kila pembe, kila mmoja na simu ya mzazi wake, naye alikuwa chumbani kwetu, kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi, mimi nimefukuziwa jikoni na nguo zangu zenye makunyanzi. Mwanzoni watoto walizima kamera wakamwacha akiongea na ukuta. Nilimcheka sana. Basi akabuni mchezo: kila mtoto achague mnyama, kila jibu sahihi limsogeze hatua moja, na majibu yawe rangi nne za kubonyeza. Ngoma ya kuanza ikilia, watoto wanakuja mbio.

Mkuu wa shule, mtu ambaye sijawahi kumwona na sina hamu naye, alikuwa na sheria yake: darasa lisilofikisha wanafunzi ishirini linafungwa, na mwalimu wake anakwenda na maji. Dada alikuwa na ishirini kamili, hakuna wa akiba. Kwa hofu akatunga sheria yake naye: "Ukikosa michezo mitatu, mnyama wako namtoa!" Kilikuwa kitisho tu. Angemtoa nani?

Kijana mmoja alijiita Kobe kwa kejeli, maana yeye ndiye aliyewaacha wenzake wote nyuma. Kisha ghafla akaanza kubaki mkiani. Kila swali, nyekundu. Nyekundu ikiwa sahihi anasogea, ikiwa si sahihi anaganda.

"Kobe, leo tena umelala ndani ya gamba?" dada alimtania, na watoto wakacheka mpaka spika ikakwaruza. Nami nilicheka kule jikoni, Mungu anisamehe.

Mwezi ulipopita hivyo, dada akaomba anwani ofisini, akaniburuta twende. Mama wa kijana alikuwa fundi cherehani. Simu aliiegemeza kwenye kibweta cha nyuzi.

"Mama, nimemfuata Kobe wangu," dada alisema. "Ameteleza kidogo, nataka nimsaidie."

Mama akaacha kukanyaga cherehani. "Alishatutoka, mwalimu. Homa ya siku mbili tu. Leo wiki ya tano."

"Sasa... anayecheza ni nani?"

"Mimi. Ulisema akikosa mara tatu unamtoa. Nikasema, mwanangu katolewa duniani, na huko pia atolewe? Hesabu sizijui. Nabonyeza nyekundu, rangi yake." Akajifuta macho kwa nguo aliyokuwa akiishona, sare ya mtoto wa watu. "Ukimtania, watoto wakicheka, mwenzio nafurahi. Najua bado wanamkumbuka."

Njiani mimi, kwa roho yangu ya njaa, nikasema, "Muache tu kwenye orodha. Mama anataka, na wewe unamhitaji."

"Kwenye mchezo atabaki," alinijibu. "Kwenye orodha ya ofisi, sitakula kwa jina la maiti."

Akaandika kumi na tisa. Nilimkasirikia, nakiri, kwa sababu kodi ya chumba tulilipa wote wawili. Jibu la mkuu lilikuwa mstari mmoja: Ijumaa ndiyo mwisho.

Ijumaa asubuhi, kabla ya saa ya darasa, dada aliwaeleza watoto habari ya mwenzao, na ni nani anayembonyezea nyekundu. Mama yake Kobe tulidhani hajaingia bado. Ngoma ikalia, Kobe akaingia mstarini kama kawaida yake. Swali la kwanza likaja, na wanyama wote ishirini wakabonyeza nyekundu. La pili, nyekundu. La tatu, nyekundu. Kobe akisogea wanasogea, akiganda wanaganda naye. Spika ilikuwa kimya kabisa, na mimi jikoni nilikuwa nimeshika sufuria tupu nikilia.

Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kubaki mkiani, kipaza sauti cha Kobe kikafunguka. Cherehani ilisikika kidogo, kisha ikanyamaza.

"Mwalimu," mama akauliza, "mbona leo watoto hawamcheki?"