Kidole cha Nakhumicha

Katika kiwanda cha sabuni alikofanya kazi Nakhumicha, gambuti, vile viatu virefu vya mpira, zilikuwa za zamu: anayetoka anamvulia anayeingia. Mwenzake wa usiku alikuwa na mguu wa namba tano. Nakhumicha, Mbukusu aliyekua akikanyaga matuta ya mahindi, alihitaji saba. Alijibana humo miaka miwili, na kila Jumamosi alizichonga pembe za kucha kwa wembe, akidhani ndiyo dawa.

Wiki moja kabla ya harusi ya mdogo wake Marion, kidole gumba cha mguu wa kulia kilivimba kikaiva kama nyanya. Na ni yeye aliyepaswa kuwaongoza wasimamizi kuingia ukumbini Kariobangi kwa ile hatua ya madaha, mbili mbele, moja nyuma. Mumewe, Wafula, alisema basi atamwingiza kwa mkokoteni. Hospitali Nakhumicha aliiogopa; alisikia huko kucha hung'olewa.

Akachechemea hadi kwa jirani yake Bi Muhiba, mpakaji hina wa maharusi, ambaye zamani alifunga vidonda katika zahanati. Bi Muhiba alikigeuza kidole kwenye mwanga wa dirisha.

"Mwanangu, kucha hii haina kosa. Wewe ndiye unayeifukuza iingie ndani. Unaikata pembe, inaota ikichoma nyama, na kiatu kinaisukuma."

Alimwagiza aloweke mguu katika maji vuguvugu ya chumvi mara tatu kwa siku na kuukausha vizuri. Mwenyewe akapenyeza kijipamba safi chini ya ukingo wa kucha, ipate njia ya kupita juu ya nyama. Kuanzia sasa aikate moja kwa moja, bila kuzungusha. Na akiona usaha, aende zahanati bila ubishi.

Kufika Ijumaa uvimbe ulikuwa umeshuka, lakini kiatu cheupe cha harusi, chenye ncha, kilikataa katakata kuingia. Machozi yakamlenga Nakhumicha.

"Nani alikwambia hina ni ya bibi harusi peke yake?" akauliza Bi Muhiba, akianza kuikoroga. Alichora miguu yote miwili, akakiruka kidole kigonjwa tu.

Jumamosi Nakhumicha aliingia kwa sandali wazi, maua yamempanda hadi vifundoni, mbili mbele, moja nyuma, vigelegele vikimfuata. Kabla keki haijakatwa, shangazi za bwana harusi walishauliza aliyempamba anakaa wapi.

Jumatatu alimwendea msimamizi wa zamu.

"Nataka gambuti namba saba, na ziwe zangu peke yangu."

Alipoulizwa kwa nini, alivua sandali akanyoosha mguu wenye maua, kidole gumba pekee kikiwa kitupu na bado chekundu. Msimamizi aliangua kicheko, akaenda stoo kuzitafuta.