Haukuwa Upele

Juzi nilipita Garissa nikamwona mbwa karibu na mabucha, nyonga zake hazina hata unyoya. Muuza nyama mmoja akamrushia jiwe. "Toka, upele wewe!" Nikashikwa na hasira isiyomhusu muuza nyama. Ni ya zamani, rafiki yangu. Nimezunguka nayo mpaka Elwak na kurudi.

Wakati wa vita vya shifta, serikali ilipopigana na waasi wa kaskazini miaka ya sitini, tulifungiwa kambini, upande wa Bura. Kabla ya hapo tulihama kila majani yalipokwisha. Bado nasikia kengele za mbao shingoni mwa ngamia na kunusa vibuyu vya maziwa vilivyofukizwa. Kambini kulikuwa na uzio wa miiba, askari, uji wa mahindi, na debe moja la maji kwa kila nyumba kwa siku. Vibanda vilibanana hata ukikohoa jirani anakutukana.

Mwezi wa pili, mbwa wetu wa kulinda mbuzi akaanza kunyonyoka. Nyanya, aliyezoea kutambua ugonjwa wa ngamia kwa kumtazama tu, alisema ni upele. Akachemsha mafuta ya mkia wa kondoo na majivu, akampaka kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo. Kwetu mbwa hashikwi. Ukimshika unanawa mara saba, moja kwa mchanga, na maji ya kunawa yangetoka wapi? Wiki zikapita, kipara kikapanda kutoka shina la mkia hadi katikati ya mgongo.

"Mbwa wenu ana upara kama wa babu yenu," jirani alinicheka, kisha akaenda kumwambia askari kwamba mbwa yule atawaambukiza watoto. Askari akampa nyanya siku tatu: mbwa apone, au apigwe risasi.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimshika yule mbwa. Masikio na viwiko, mahali upele wa mbwa huanzia, vilikuwa na manyoya tele. Mgongoni ndiko vidole vyangu vilikotoka na punje nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Nyanya akanikuta, akanifinya sikio, akaanza kunimiminia maji huku akilaani. Yalipogusa kiganja, punje zile ziliyeyuka, zikawa nyekundu.

Nyanya akainamia kiganja changu. "Hii ni damu," akasema. "Kinyesi cha viroboto. Si upele hata kidogo."

Zamani viroboto tuliwaacha kwenye mchanga wa boma tulilolihama kabla hawajazaana. Sasa walizaana chini ya mikeka yetu.

Akanivuta mpaka kwa askari, kiganja changu bado chekundu, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: "Si ubele, mzee. Kiroboto tu. Wacha sisi nahama kidogo, hapo nje ya miiba. Nywele narudi."

"Uhame?" Askari alicheka mpaka akashika mkanda. "Mama, ungeweza kuhama, mimi ningekuwa hapa nafanya nini?"

Alimpiga mbwa risasi kabla ya adhuhuri. Jirani alitazama mpaka mwisho, kisha akarudi kibandani akijikuna.

Nyanya akamaliza kuninawisha. Zilikuwa zimebaki mara sita. Siku hiyo hatukunywa chai.

Uzio ule haupo tena, wala nyanya, wala wale ngamia. Watu huniuliza kwa nini situlii mahali. Nikikaa mji mmoja mwaka mzima, mwili huanza kuniwasha.